Cherehani ya nyumbani, ngozi, na vidole vyenye yabisi: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Njoro

Swali limetoka Njoro, kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Ana miaka 67. Nyumbani ana cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa miguu, ile aliyoshonea sare za watoto wake walipokuwa wadogo. Sasa anataka kushona kofia za ngozi, na akiweza viatu pia, kwa kujifurahisha na kuwavalisha wajukuu. Anauliza kama cherehani hiyo itaweza ngozi au anunue ile kubwa ya mafundi wa viatu. Aanze na nini. Ngozi ataipata wapi. Na kama vidole vyake, ambavyo asubuhi huamka vimekakamaa kwa yabisi, vitastahimili. Wanawe wanamwambia anamaliza macho na pesa.

Mwalimu, cherehani ya viatu usinunue. Nalisema hili kabla ya salamu kwa sababu najua muuzaji atakavyokuvutia kiti ukimtajia pensheni. Mashine ile inamfaa anayeshona jozi baada ya jozi tangu asubuhi. Kwa mtu anayetaka kofia moja polepole, mwaka hautaisha kabla haijawa meza ya kuwekea redio. Ngozi nyembamba utaishona kwa Singer yako, ngozi nene utaishona kwa mkono. Na uanze na kofia. Viatu vije baadaye, tena kwa mlango wa makubadhi.

Kofia haibebi uzito. Mshono ukipinda kidogo, mjukuu ataivaa vivyo hivyo na kuringa nayo shuleni. Kiatu kinabeba mwili mzima kila hatua, na mshono uliovimba ndani yake utachubua kidole kabla hujafika sokoni. Pia kiatu kilichofungika hakishonwi bila kalibu ya mguu, ambayo mafundi wetu huiita lasti, na kalibu nzuri zinazolingana kulia na kushoto si rahisi kuzipata moja moja. Kofia inahitaji futi ya kupimia, karatasi ya manila na kichwa.

Singer ya kukanyaga ina sifa ambayo mashine nyingi mpya za umeme za nyumbani hazina: inakwenda polepole bila kupoteza nguvu, na ukifika pagumu unaacha kukanyaga na kulizungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja. Itashona ngozi mbili za mbuzi au kondoo zilizolaliana, kila moja ikiwa na unene usiozidi milimita moja. Zaidi ya hapo unaitesa bure. Nunua sindano za ngozi za mashine za nyumbani, namba 16 au 18. Ncha yake imechongwa kama patasi ndogo, inakata ngozi badala ya kuisukuma. Mshono uwe mrefu, milimita 3 hadi 4. Ukishona karibu karibu kama unavyoshona kitambaa, ngozi itachanika kwenye mstari wa matundu kama stempu. Usirudi nyuma kufunga mshono. Acha nyuzi ndefu, zivute upande wa ndani uzifunge kwa mkono. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba huoza ukikaa na jasho pamoja na dawa ya magome ya miti ambayo baadhi ya ngozi huivishwa nayo. Pini pia uziweke kando, maana tundu la ngozi halizibi: bana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Na mguu wa mashine ukigandama juu ya ngozi, weka karatasi nyepesi katikati, shona juu yake, kisha uichane.

Sasa ngozi yenyewe. Hapa ndipo wanaoanza hupoteza pesa, basi nivumilie nikae kidogo.

Utakazokutana nazo madukani ni za aina mbili. Ya kwanza imeivishwa, yaani imetiwa dawa ili isioze, kwa kromu. Ni laini, inakunjika, haiogopi maji sana, na ukiikata na kutazama ukingo wake mara nyingi utaona katikati rangi ya kijivu inayoelekea samawati. Ya pili imeivishwa kwa magome ya miti. Hiyo ni ngumu kiasi, kahawia toka juu hadi chini, na tone la maji likiiangukia ikiwa haijapakwa rangi wala nta, inalinywa na kuacha doa jeusi jeusi kwa muda. Magome hayo kwetu ni ya mwati, mti uliotoka Australia ukaenea nyanda za juu. Eldoret palikuwa na kiwanda kizima cha kukamua dawa hiyo kutoka mashamba ya miwati ya Uasin Gishu. Tofauti ya ngozi hizi si ya kitaalamu tu. Ya magome ukiilowesha na kuikalisha juu ya umbo, ikikauka inabaki na umbo hilo. Ya kromu itarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo kofia ya kushonwa vipande vipande kwa mashine iwe ya kromu, na ukingo mgumu, mkanda au soli ya ndani ya kiatu iwe ya magome.

Kuna ya tatu ambayo si ngozi kabisa, na imejaa kwenye meza za barabarani: reksini. Igeuze nyuma. Ukiona nyuzi za kitambaa zimefumwa, rudisha. Harufu isikudanganye, hata harufu siku hizi inapuliziwa.

Kwa mazoezi nenda kwenye mitumba. Jaketi kuukuu la ngozi, hasa kubwa la kiume ambalo zipu imeharibika na hakuna anayelitaka, lina mgongo mpana na mikono miwili mirefu ya ngozi ambayo tayari imelainika. Kofia ya mtoto inatoka humo. Mji wa Nakuru uko karibu nawe, tafuta siku wanayofungua marobota. Wakazi wa Kisumu hufanya hivyo soko la Kibuye. Mafundi wa viti na wa viatu nao wana mabaki wanayoyauza kwa bei ya maelewano. Waendee jioni wanapofagia. Usibebe mabaki ya kromu kwenda kuwashia jiko, kwa sababu kromu ikiungua inaweza kugeuka kuwa sumu ambayo haikuwa ndani ya ngozi ilipokuwa nzima.

Ukishapata mkono ndipo ununue ngozi mpya. Inauzwa kwa futi za mraba, na ya mbuzi mara nyingi haizidi futi 6. Iweke juani uitazame kwanza. Ngozi za kwetu zina historia ya mnyama: makovu ya kupe, mikwaruzo ya seng'enge, chapa ya chuma, na visu vya mchinjaji kwa upande wa ndani. Kovu dogo lililopona mimi hulipenda, naliweka mbele ya kofia makusudi. Kisu cha mchinjaji ndicho cha kukimbia, maana pale ngozi imekuwa nyembamba na itakatika. Jifunze pia kuivuta kwa mikono miwili. Sehemu ya tumbo inanyumbuka, ya mgongo imekaza. Ukingo wa kofia ukikatwa tumboni utalegea na kuning'inia mashavuni kabla ya Krismasi.

Kwa kuwa nimetaja Kisumu, huku kwetu: ngozi ya samaki aina ya mbuta siku hizi inachakatwa huku, badala ya kutupwa na viwanda vya minofu. Ni nyembamba, ina vifuko vidogo pale magamba yalipokuwa, na ni imara kuliko inavyoonekana. Kwa kofia nzima ni ndogo mno. Kwa utepe wa kuzungushia kofia sijaona inayoishinda kwa uzuri. Kisumu pana pia tawi la KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, na kazi za ngozi ni miongoni mwa wanazozishughulikia, kwa hiyo ukiwa na safari ya huku, pita uulize.

Tushone basi. Pima kichwa kwa utepe unaopita juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso, kisha ongeza sentimita moja kwa ajili ya utepe wa ndani wa jasho. Tuseme umepata 58. Kichwa si duara, kina umbo la yai. Wengi huchora kwa sahani, kofia inakaba mbele na nyuma huku masikioni inapwaya. Kwa mzingo wa 58, chora kwenye manila umbo la yai lenye urefu wa sentimita 20 na upana wa 17. Huo ndio mstari wa mshono. Kwa kilele cha kofia, ongeza nusu sentimita nje yake pande zote. Ukuta ni mkanda wa sentimita 59 kwa 10, ambapo nusu sentimita kila upande ni ya kuliwa na mshono. Ukingo unachorwa kwa yai lile lile, ukatoka nje sentimita 6 na nusu, lakini tundu lake ulikate nusu sentimita ndani ya mstari. Hesabu hii itakula kama futi 4 hadi 5 za mraba ukingo ukiwa wa tabaka mbili.

Usikate ngozi bado. Shona kwanza kofia hiyo kwa suruali kuukuu ya jinzi. Mvalishe mwenyewe, akunje shingo, ainame, acheke. Rekebisha manila, ndipo uilaze juu ya ngozi.

Unga ukuta nyuma uwe pete. Gawa pete hiyo robo nne kwa chaki, gawa na kilele vivyo hivyo, kisha zikutanishe alama kwa alama, ndani ikiwa nje, ubane kwa vibanio. Hapo ndipo utakapomshukuru Singer wa kukanyaga, kwa sababu kona za mbele na za nyuma utazipita kwa mkono, tundu kwa tundu. Geuza. Ukingo wa tabaka mbili ugandishwe, ushonwe mistari kadhaa ya kuuzunguka ili ukaze, ndipo uungwe na ukuta kwa mkono, maana hapo tabaka zimezidi mbili. Utepe wa jasho uje mwisho, ngozi laini ya kondoo upana wa sentimita 3. Kwa mvaaji wa Njoro hiyo inatosha. Ukimshonea mtu wa Kisumu, Ahero au Busia, toboa vitundu vitatu vinne vya hewa kila upande wa ukuta, la sivyo ataivaa mara moja tu aiweke kabatini, na kwa unyevu wa huko itaota ukungu.

Ipo pia kofia ya kuumbwa kwa maji, isiyo na mshono juu: ngozi ya magome ya kama milimita 2 inaloweshwa mpaka viputo viishe kutoka, inaachwa ipunguze maji, halafu inavutwa juu ya kalibu na kufungwa kwa kamba. Kalibu yako inaweza kuwa sufuria ya alumini iliyofunikwa, iliyozungushiwa kitambaa mbele na nyuma ili iwe yai. Isiwe ya chuma. Ngozi ya magome ikiwa imelowa ikagusa chuma inaingia weusi usiotoka, na misumari pia hufanya hivyo. Ikaushe kivulini siku mbili tatu. Karibu na jiko itasinyaa na kuwa ngumu kama gome ilikotolewa dawa yake.

Vidole. Yabisi si sababu ya kukaa bure, ila inabadilisha saa na vifaa. Usishone asubuhi mapema. Acha vidole vichangamke kwa vyombo na maji ya uvuguvugu, ukae kwenye kazi saa nne hivi jua likiwa limepanda. Vipini vyembamba ndivyo vinavyoumiza, kwa hiyo vizungushie vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka vijae kiganjani. Nyundo ya kutobolea matundu iache, mtikisiko wake unaingia kwenye viungo. Kwa ngozi nyembamba kuna ujanja mzuri zaidi: toa uzi kwenye Singer, pitisha ngozi ikiwa na sindano tupu, nayo itakutobolea matundu yaliyolingana, kisha ushone kwa mkono. Kwa ngozi nene tumia keekee ndogo yenye ncha ya milimita moja, au mlipe fundi wa viatu akutobolee.

Mshono wa mkono ni wa sindano mbili butu kwa uzi mmoja, kila moja ncha yake. Zinapita tundu moja kutoka pande tofauti, kwa hiyo uzi ukikatika sehemu moja, mshono hauachii wote. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono, uupake nta ya nyuki. Usiuvute kwa kuuzungusha kidoleni. Uzungushe kwenye koleo au kwenye mpini ndipo uvute. Na ngozi usiishike mkononi. Mbao mbili zilizofungwa chini na kubanwa na magoti yako zitaishika, mikono ibaki na kazi ya sindano tu. Nusu saa, pumzika. Maumivu yakiendelea zaidi ya saa mbili baada ya kuacha, kesho fanya nusu yake. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, hiyo si kazi ya fundi ngozi, nenda hospitali. Kama una kisukari au unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, vaa kastabani, na hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Kuhusu macho, wanao wanakupenda lakini wamekosea. Kushona hakuharibu macho. Kushona penye giza kunayachosha, jambo ambalo kesho yake limepita. Pima miwani ya kusomea kwa umbali ule hasa unaoshikia kazi, kaa mlangoni mwanga ukikujia kutoka kushoto kama unatumia mkono wa kulia, na kofia ya kwanza isiwe nyeusi. Uzi mweusi juu ya ngozi nyeusi hata kijana wa miaka 20 hauoni. Chukua kahawia hafifu na uzi wa rangi ya maziwa.

Jambo la kuogopa kweli ni gundi. Ile ya manjano ya mafundi wa viatu inatoa mvuke unaolewesha, na ukiuvuta miaka mingi unadhuru neva. Pia inashika moto haraka. Itumie barazani, mbali na jiko, ufunike kopo kila unapochovya, wajukuu wakiwa mbali. Paka pande zote mbili, subiri isinate tena kidoleni, kama dakika 10 hadi 15, ndipo ukutanishe. Kwa ukingo wa kofia huihitaji hata hiyo. Gundi nyeupe ya maji ya maseremala inatosha, kwa kuwa mshono ndio utakaoshika.

Viatu nitakueleza kwa kifupi, kwa sababu utaniandikia tena ukifika hapo. Anza na makubadhi yenye mkanda wa nyuma wa kisigino. Yale ya kuchomeka mguu tu yanapendeza, lakini kwa umri wetu mguu unaochomoka ndio unaotuangusha. Soli isiwe ya ngozi tupu, inateleza kwenye vigae vyenye maji. Raba laini yenye mikwaruzo inashika. Tairi ni imara, ndiyo maana akala hazifi, lakini ni nzito na nyingi zina nyaya za chuma ndani zinazomaliza kisu na vidole. Kisigino kisizidi sentimita 3.

Kiatu kilichofungika, ukikitamani, gawana kazi na fundi. Wewe kata na ushone sehemu ya juu, ukikumbuka kwamba upande wa ngozi uliokaza uelekee kutoka kisigino kwenda vidoleni ili kiatu kisirefuke. Yeye ana lasti, ana soli, ana mkono uliozoea kuvuta ngozi na kuipigilia. Kazi ya kuvuta ndiyo nzito kuliko zote katika kiatu, na sioni fahari ya kuumiza viungo kwa jambo ambalo kijana wa stendi atalifanya kwa dakika chache kwa malipo ya haki. Mshono wa ndani upondwe na ufunikwe kwa ngozi laini. Mwenye kisukari, ambaye mguu wake umepungua hisia, usimshonee kiatu kilichofungika. Huyo anahitaji fundi wa viatu vya hospitali.

Kuuza? Shona kwanza za nyumbani. Wa kwanza kuuliza bei atakuwa mtu wa kanisani aliyeiona kichwani mwa mjukuu, na huyo mtajie gharama ya ngozi pamoja na siku zako, usimtajie ngozi peke yake.

Ukiwa tayari kwa makubadhi, nitumie michoro ya miguu yote miwili, kwa maana hailingani. Ichore ukiwa umesimama, jioni, wakati miguu imejaa, kalamu ikiwa wima. Andika na mzingo wa kila mguu pale vidole vinapoanzia. Vipimo ulivyokuwa ukivaa ukiwa darasani usivitumie, mguu hupanuka na miaka.